Betri ya Kumvusha Mama Benta

Okoth alipokuja kwangu Kawangware mwezi uliopita, alikuwa amebeba mfuko wa samaki wakavu na habari ya kifo, na kwa kuwa ananijua vizuri, alianza na samaki. Nilimkalisha kwenye kiti changu, kile ambacho wanangu husema siku moja kitabidi kizikwe pamoja nami, nikamwekea chai, na ni kwenye kikombe cha pili ndipo alipofuta mdomo akasema, "Kobe, yule mama yetu ameenda." Hakuhitaji kutaja jina. Swali lililonitoka kwanza, kabla sijauliza ugonjwa, kabla hata ya kusema pole, lilikuwa moja: "Ameenda akiwa wapi?" Akasema, "Nyumbani. Kisiwani. Alikunywa uji, akajilaza mchana, hakuamka tena. Tumemzika kando ya mamake." Basi nikashusha pumzi ndefu hata Okoth akanitazama. Mtu asiyenijua angedhani nafurahia msiba. Nililia baadaye, jikoni, nikisingizia vitunguu, na bibi yangu akaniuliza ni tangu lini mimi hukata vitunguu. Lakini ile pumzi ilikuwa imetangulia, na haikuwa ya bure. Kuna mwaka ambao niliamini kabisa kwamba Mama Benta angezeekea Lindi, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, na kufia Lindi, katikati ya chaja na kioski cha maji, na kisiwa chao kiko safari ya siku moja tu. Nauli hakuikosa. Shida ni kwamba njia yenyewe, mwishoni, ilipita juu ya maji.

Mwaka huo ni ule ambao mvua ya El Nino ilikataa kuisha, na Kombe la Dunia likafika kabla matope ya Lindi hayajakauka. Nilikuwa nimemaliza Form Four nikiwa na cheti kilichothibitisha kwamba nilikuwa nikihudhuria, na kipaji kimoja ambacho hakikuandikwa humo: nilijua kukaa. Wenzangu walizunguka Industrial Area wakitafuta kibarua, wakazunguka mjini wakitafuta wasichana, wakarudi jioni viatu vimefungua midomo. Mimi nilikuwa na chumba hapa Kawangware, na chumba kilinitosha. Kitanda, stovu ya mafuta taa, ndoo mbili, pazia la maua ya manjano lililogawa nyumba kuwa sebule na chumba cha kulala, ingawa ukinyoosha mguu ulikuwa sehemu zote mbili, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Watu walinihurumia kwa sababu ya ule ukuta. Ulikuwa ukuta mzuri. Jua la asubuhi liliugonga likaja kwangu likiwa limepoa, na nyuma yake nilimsikia jirani na mkewe wakibishana kama sukari ilitiwa au haikutiwa, mazungumzo ambayo bado nayaona bora kuliko mengi ya redio.

Kazi niliipata kwa sababu ya kipaji hicho. Mama Benta alikuwa na kibanda cha kuchaji betri ukingoni mwa Lindi, pale ambapo stima ya magorofa ya Nyayo Highrise iliweza kufikiwa kwa njia ambazo sikuwahi kuuliza. Alikuwa amefuta vijana wengi, wote kwa kosa la miguu. Betri inachemka, kijana ameenda kuangalia watu wakipigana. Betri imekauka, kijana yuko mtaa wa jirani, Mashimoni, anacheza draft. Nilipofika kuulizia, alinipima kutoka juu hadi chini, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha buluu kichwani na leso yenye matundu ya asidi, akaniuliza, "Wewe hupenda kutembea?" Nikasema hapana, Mama. "Marafiki uko nao wengi?" Nikasema hapana. "Ukisikia nduru huko nje utafanya nini?" Nikasema nitafunga mlango. Akavuta stuli kwa mguu. "Keti," akasema. Hayo ndiyo mahojiano pekee maishani mwangu niliyowahi kufaulu. Kasoro ilikuwa moja: ili nikakae Lindi, ilinibidi kila asubuhi nitembee kutoka Kawangware kupitia Jamhuri, na kila jioni nirudi, kwa hiyo kazi niliyopewa kwa kuchukia kutembea ndiyo iliyonifanya nitembee kuliko karani yeyote wa Nairobi.

Wasomaji vijana huenda wasijue kwamba wakati huo nyumba nyingi za Lindi na Mashimoni zilitazama televisheni kwa betri ya gari. Televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe iliwekwa juu ya kabati, imevikwa kitambaa cha kufuma, na betri ikawa chini ya kiti kama mgeni asiyetaka kuonekana. Ikiisha chaji, ililetwa kwetu kwa wilbaro, au kichwani juu ya ngata, au imebebwa na watoto wawili wakigombana. Kila moja ilikuwa imeandikwa jina la mwenyewe kwa rangi. Nilizipanga juu ya mbao, kamwe si juu ya simiti, kwa kuwa sote tuliamini simiti hunyonya chaji, nami sijapata mtu wa kunitoa imani hiyo. Nilifungua vifuniko, nikaongeza maji ya betri, nikaunganisha waya, kisha nikakaa. Zikianza kuchemka zilitoa sauti ndogo, kama watu wanaonong'ona kanisani. Mama Benta alitaka zichajiwe polepole. "Moto mdogo," alisema, "kama unapika githeri. Ukiipelekea mbio, itakuonyesha imeshiba na haijashiba."

Mchana alipika nyuma ya kibanda, na hapo nilifundishwa kula omena, vile visamaki vidogo vya ziwani. Sisi watu wa Kitui hatukuzoea chakula kinachokutazama, na kinachokutazama kwa macho mengi hivyo. "Musyoka, unawahesabu ama unawakula?" angeuliza. Wakati akipika, mimi nilisikiliza. Ukuta wa mabati ulitutenganisha na kioski cha maji, na foleni ya akina mama ilipita sikioni mwangu moja kwa moja. Ni pale nilipomjua mwajiri wangu. "Huyu wa betri hajaenda kwao tangu mzee wake azame," mmoja alisema siku moja, mtungi wake ukijaa. "Na mamake si bado yuko?" "Yuko. Hutumiwa sukari na unga na watu. Macho yamekwisha, husema tu anataka kumshika msichana wake uso." "Si apande boti aende?" "Wewe ungepanda? Walisema ilikuwa inaingiza maji kidogo tu, hiyo boti. Kidogo. Wakatoa na kopo, wakatoa, wakatoa, mpaka mikono ikakataa. Ufuko wanauona." Kisha nikasikia maji tu yakimwagika mtungini, na upande wangu wa mabati Mama Benta akikoroga ugali kwa nguvu kuliko ugali ulivyohitaji. Naye pia alikuwa na masikio.

Ndipo Okoth akaingia. Alikuwa kijana wa kisiwa hichohicho, mrefu, mwenye maneno mengi, na alitunza mashua za tanga za klabu moja pale Nairobi Dam, chini ya Nyayo Highrise, ambako watu wenye nafasi zao walikuja Jumapili kuzunguka bwawa wakiwa wamevaa kofia. Mwaka ule magugu yalikuwa yameanza kulila bwawa kutoka pembeni, harufu nayo ikawa inawafukuza wanachama mmoja mmoja. Mwenye mashua mmoja alihama nchi akamwachia Okoth chombo chake, cha zamani, cha mbao, chenye kijumba kidogo cha kujikinga mbele. Okoth alikuja kutueleza akiwa bado anahema.

"Mama, nimepewa mashua."

"Na mimi nimepewa ndege," akasema Mama Benta, akiendelea kumimina maji kwenye betri.

"Kweli tena! Ya tanga. Nataka kuipeleka nyumbani na lori. Na nataka wewe ndiye wa kwanza kuvuka nayo. Ukamwone mama."

Alimimina hadi tundu likajaa. "Inavuja?"

"Kidogo tu. Imekaa sana kwa jua chini ya turubai, mbao zimeachana. Zikikunywa maji zitafura zijifunge."

"Kidogo," akasema. "Kidogo ndiyo ilimmaliza Baba Benta. Okoth, mkono wa mtu huchoka. Nionyeshe kitu chenye hakichoki, ndio unipandishe kwa mashua."

Okoth akanitazama mimi, kama kwamba mimi ndimi niliyejulikana kwa kutochoka, kisha akakumbuka jambo. "Iko na pampu," akasema. "Ya stima, ndogo, iko pale chini kabisa. Inatoa maji yenyewe. Inataka tu betri."

Hapo ndipo aliinua kichwa. Mwanamke yule hakuwa akiamini upepo, wala wanaume, wala habari za hali ya hewa. Lakini betri alizijua, zilimlisha. "Betri gani?" akauliza.

Sasa, kwetu pale betri haikuchaguliwa kwa kusoma maandishi ubavuni. Ilichaguliwa kwa cheche. Ulichukua spana, ukaigusisha vichwa vyote viwili mara moja, upesi, na kadiri cheche ilivyoruka ndivyo heshima ya betri ilivyopanda. Habari zilipoenea kwamba Mama Benta anatafuta betri ya kuvuka ziwa, Wafula alifika na ya kwake kwenye wilbaro. Wafula alikuwa na chumba cha kuonyesha mpira Mashimoni, na betri yake ilitoka kwenye lori, kubwa kama sanduku la shule ya bweni, imepakwa rangi nyekundu. Akapiga spana. Cheche ikaruka hadi watoto waliokuwa mlangoni wakarudi nyuma wakicheka. "Mmeona moto?" akasema. "Hii si betri, hii ni radi imefungiwa. Hii inaweza kuvuta meli!" Umati ukakubali palepale. Okoth alikuwa tayari ameishika upande mmoja.

Ni mimi niliyeharibu sherehe, na si kwa ujuzi. Nilikuwa na faida moja tu juu yao: nilikuwa nimekaa na betri hizo mchana kutwa, miezi mingi, bila la kufanya. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba betri ya Wafula ndiyo iliyorudi kwangu upesi kuliko zote. "Ni kwa sababu niko na wateja wengi!" akafoka. Nikaonyesha kona. Pale kulikuwa na betri ya kijivu, fupi, nzito kupita umbo lake, iliyotolewa kwenye kigari cha kuinulia mizigo cha godauni moja Industrial Area, nayo ndiyo iliyoendesha redio yetu ya kibandani. Nilikuwa nimeichaji mara chache sana. Wafula akaipiga spana. Cheche ilikuwa kama njiti ya kiberiti kilicholowa. Watu wakacheka hadi mmoja akamwaga maji yake. "Hiyo inafanana na wewe, Kobe!" Okoth akanipigia kelele. "Haitoki, haisemi, haina haraka!" Jina hilo alikuwa amenipa wiki ya kwanza tu. Na kwa kweli hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yangu yote. Niliiamini ile betri kwa sababu nilimtambua ndugu.

Mama Benta hakucheka. Akasema, "Tutaona kwa mpira." Tukazichaji zote mbili, kwa moto mdogo, hadharani, wapambe wa Wafula wakija kukagua nisije nikamnyonya mtu wao. Kisha zikaunganishwa kwa televisheni mbili zilizofanana, bega kwa bega, mchana mechi zilipoanza, na sharti likawa kwamba hakuna kuzima: mechi, matangazo, wataalamu wa studio wenye tai, mechi nyingine, yote. Nami nikaamriwa niketi mbele nitazame bila kuondoa macho. Nimefanya kazi nyingi tangu wakati huo na sijaona tena iliyonifaa hivyo. Lindi nzima ilijaa kibandani, wengine juu ya mapaa, na kila mmoja alikuwa anashangilia timu moja na betri moja.

Kwa muda mrefu picha zilienda sawa. Halafu, mechi ya pili ikiendelea, kwenye televisheni ya Wafula nilianza kuona kiza chembamba pembeni. Kila aliyeishi kwa betri alikijua kile kiza. Picha ilianza kujikunja kuelekea katikati, wachezaji wakawa wafupi, wakawa watoto wa nasari, goli likawa dogo kama kiti cha kunyolea. "Wafula, watu wako wananyauka!" mtu akapaza sauti. "Wapelekee maji!" Wafula akasema televisheni ndiyo mgonjwa. Tukabadilisha, televisheni hii kwa betri ile, na kiza kikaifuata betri nyekundu kama deni linavyomfuata mtu. Upande wa pili wachezaji waliendelea kukimbia wakiwa na urefu wao wote. Wafula, kwa hasira, akachukua spana ili atuonyeshe tena moto wa betri yake, na kwa bahati mbaya aliigusisha kando ya nyingine iliyokuwa inachemka na kutoa gesi kwenye chaja. Ikasikika kishindo kama cha puto, kifuniko kikapaa hadi kwenye mabati, na tulipofungua macho Wafula alikuwa mzima kabisa, ila suruali yake ilikuwa inatoboka kwa asidi, tundu mojamoja, mbele yetu, polepole, kama nyota zinavyotokeza. Mama Benta alimmwagia ndoo nzima ya maji kabla hajamaliza kuapa. "Sawa," akasema Wafula akiwa amelowa, "chukueni hiyo ya kijivu. Lakini haina heshima."

Ikabaki bwawa. Mama Benta alikuwa amekubali betri, hakuwa amekubali mashua, na akatoa sharti ambalo bado likinijia hunitoa jasho: aliyechaji aingie pia. Nikamweleza kwamba kwetu maji tuliyajulia mtungini. Nikamweleza kwamba sijui kuogelea. Okoth akasema, "Kobe huogelea, manze." Nikamwambia kobe wa majini ni mwingine, mimi ni wa nchi kavu. Mama akasema, "Kama wewe mwenyewe huiamini, kwa nini umenipatia mimi?" Lilikuwa swali la haki, nikasema nitaingia. Siku zote nilikuwa nimeifikiria betri ile kama mchezo wa kibandani, kitu cha kuchekesha watu wa Mashimoni. Kumbe kwake ilikuwa ndiyo kamba yote aliyokuwa nayo kati ya Lindi na uso wa mamake, na mimi ndiye niliyeifunga fundo.

Tuliingia asubuhi, jua likiwa limeshachomoza juu ya magorofa. Bwawa lilinuka vile lilivyonuka, na Okoth akasema ukikaa nalo kidogo unalisahau, jambo ambalo si kweli. Betri niliikalisha ndani ya kreti, nikaifunga kwa mpira wa tairi, mimi nikajifunga kwa macho kwenye alama ya chaki ambayo Okoth alikuwa ameichora ndani ya mashua kuonyesha maji yasipite hapo. Mama Benta aliketi katikati, mikono yake imeshika mbao za pande zote mbili, akawa hatazami nje hata kidogo. Hatukuwa tumefika mbali maji yakaanza kuingia. Hayakuingia kwa fujo. Yaliingia kwa adabu, mstari mwembamba hapa, mwingine pale, kati ya mbao na mbao, na nikaelewa kwa mara ya kwanza wanawake wa kioskini walimaanisha nini waliposema kidogo. Nikawasha pampu. Ikaanza kuunguruma kama paka aliyeshiba, na ubavuni maji yakawa yanarukia bwawani. "Inashuka?" akauliza Mama. "Imesimama hapohapo, Mama." Baada ya muda: "Inashuka?" "Inashuka, Mama." Okoth akapandisha tanga na upepo ukatusukuma, na ninakiri kwamba kwa dakika kadhaa nilisahau kuogopa. Nyumba za Lindi zilionekana kutoka majini zimepangika, mapaa yote yakielekea upande mmoja, na nikajikuta nakitafuta kibanda chetu kama mtoto anayetafuta mlango wa kwao.

Kisha pampu ikanyamaza. Tulikuwa tumepita ukingoni mwa magugu, na sauti ile ikakatika ghafla tukabaki na upepo tu. "Imenyamaza," akasema Mama Benta, kwa sauti ndogo sana, ya mtu mwingine. Nikaitazama betri. Waya ziko sawa. Nikagusa, zimekaza. Alama ya chaki ikaguswa na maji, ikafunikwa. Okoth akawa anageuza mashua na kunipigia kelele niangalie chini, chini pale, na mimi, ambaye sikupenda hata kunawa miguu nje ya nyumba, nikalala kifudifudi nikaingiza mkono hadi kwapani kwenye maji yale meusi, nikipapasa mdomo wa pampu. Nilipokuwa nikipapasa nikasikia sauti nyingine, ya bati kwenye mbao. Nikageuza shingo. Mama Benta alikuwa ameachilia mbao. Alikuwa amechukua kopo la kupakia rangi lililosahaulika chini ya kiti chake na alikuwa anachota na kumwaga, anachota na kumwaga, kitambaa kimemtoka kichwani, na alikuwa anaimba kitu kwa Kijaluo kwa meno yaliyofungwa. Mkono wangu ukapata mzizi wa gugu, mrefu, laini kama nywele. Nikavuta. Pampu ikakohoa, ikaunguruma.

"Betri haikuwa na makosa!" nikapiga kelele, nikimpa habari njema kabla ya kutema maji ya bwawa. "Ni majani! Ni majani tu, Mama!"

Aliendelea kuchota kwa muda baada ya hapo, ingawa hapakuwa tena na haja. Halafu akaliweka kopo magotini akatazama nje kwa mara ya kwanza, kwenye maji yenyewe, akayatazama vile unavyomtazama mtu mliyekosana naye mkakutana sokoni. "Musyoka," akasema, "unanuka vibaya sana." Kisha akaanza kucheka, Okoth akacheka, na mimi nikacheka nikiwa nimekumbatia kreti ya betri, kwa kuwa nilikuwa bado sijaamini kwamba ni lazima niiachilie.

Waliondoka wiki chache baadaye, mashua ikiwa juu ya lori, mlingoti umelazwa, magunia yaliyolowa yametandikwa juu ya mbao zisikauke tena. Mama Benta alipanda mbele na dereva, sukari ya mamake mapajani, na ile betri ya kijivu ikiwa imefungwa blanketi miguuni pake kama mtoto. Alinikabidhi ufunguo wa kibanda na onyo kuhusu simiti. Nami nikabaki, na hapo ndipo nilipojifunza jambo kuhusu kipaji changu. Nilishindwa kukaa. Niliinuka, nikaenda mlangoni, nikarudi, nikaenda kioskini, nikaenda hadi wanakouzia samaki kuwauliza wanaotoka ziwani kama wamesikia lolote la mashua yenye kijumba mbele. Simu hazikuwepo mifukoni mwa watu kama sisi. Mama mmoja wa omena akaniambia kulikuwa na upepo mkali upande ule, na kwamba chombo kimoja kilipinduka. Chombo gani? Hajui. Cha tanga? Huenda. Nikarudi kibandani nikaharibu betri za watu wawili kwa kuzisahau zikichemka, na jioni nilitembea hadi Kawangware nikapitiliza mlango wangu mwenyewe. Ule ukuta wangu mzuri niliutazama siku hizo bila kusikia neno. Jirani na mkewe wangeweza kumaliza ubishi wa sukari na nisijue nani alishinda. Nilikuwa napiga hesabu moja tu kichwani: sahani za ndani ya betri, chaji niliyoitia, urefu wa ziwa, ambao sikuujua.

Alirudi mchana mmoja wa jua. Sikusikia hatua. Niliona tu kivuli mlangoni, na kabla ya salamu, kabla hata ya kutua mfuko, akasema, "Ni nani ameweka hii chini kwa simiti?"

Niliinuka nikaangusha stuli. "Mama! Mlifika?"

"Na huyu unaongea naye ni nani?" Akajitupa kwenye kiti, akavua viatu, akaomba maji. Nilikuwa na ugali wa jana na sukuma, nikampashia moto, na alikula akinieleza huku mdomo umejaa. Mamake alimshika uso wote, masikio, shingo, halafu akasema, "Umenenepa, huko Nairobi mnakula nini?" Walikaa mlangoni mchana kutwa, siku baada ya siku, wakisemana watu wa zamani. Ziwa, wakati wa kwenda, lilikuwa limelala kama chai kikombeni. Mbao zilikuwa zimefura zikajifunga vile Okoth alivyosema, na pampu hawakuiwasha hata mara moja.

"Hata mara moja?" Nilijisikia kama mtu aliyepika arusi wageni wakapita.

"Hata moja. Lakini ni betri nzuri, Musyoka, usinune. Nimeiachia mama. Okoth amemfungia redio na taa ndogo ya kitandani. Anasikiliza matangazo ya vifo mpaka yanaisha, kisha ananiambia nani ni wa ukoo gani."

Nilifurahi, nikampa ugali zaidi. Ni mpaka nilipokuwa naosha sufuria ndipo akili yangu, ambayo pia haina haraka, ilipofika. Nikageuka na mikono yenye povu.

"Ngoja kwanza, Mama. Kama betri ilibaki, sasa wakati wa kurudi mlivuka na gani?"

Alikuwa anafunga kitambaa chake upya, pini mdomoni. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama alivuka barabara ya Ngong kwa ngamia.

"Betri ya nini?" akasema.